Nguo ya Kushindia katika Nchi ya Baridi

Mtu wa pwani aliyezoea kulala na dirisha wazi, akipanda Karagwe kwa mara ya kwanza katika mwezi wa Juni au Julai, hupata somo la mavazi kabla ya somo jingine lolote. Kwa kuwa jua likishatua upande wa Rwanda, na ukungu ukianza kuinuka mabondeni na kuingia migombani, hewa ya kata ya Kanoni hugeuka ghafla, na shati jepesi lililotosha mchana kutwa huwa si kitu tena juu ya mwili. Nchi hii iko juu, aghalabu kati ya mita 1,400 na 1,700 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa kiangazi joto hushuka chini ya nyuzi 16. Ndiyo sababu katika nyumba za kata hii, na za kata jirani mpaka Kyerwa, tangu mtoto anayetambaa hadi babu anayetegemea mkongojo, kila mtu ana pulova yake au sweta lake la kofia, na wengi wana suruali ya traki ya kuandamana nalo, mavazi ambayo hayakushonwa kwa ajili ya arusi wala ibada wala ofisi, bali kwa ajili ya zile saa ambazo mtu ni wa nyumbani kwake.

Hizo ndizo nguo za kushindia, na desturi yetu, nasema kwa masikitiko, ni kuzidharau. Nguo ya kutokea huchaguliwa kwa shauri: mama huulizwa, fundi huulizwa, kitambaa huinuliwa kwenye mwanga na kupapaswa, na bei huombewa mara tatu. Nguo ya kushindia hununuliwa kwa rangi yake na kwa maandishi yaliyo kifuani, ikatupwa ndani ya mfuko, na safari ikaendelea. Kwa rai yangu mambo hapa yamepinduka. Nguo ya kutokea hukaa mwilini saa chache za Ijumaa au Jumapili, kisha hurudi sandukuni. Nguo ya kushindia hukaa mwilini tangu magharibi hadi alfajiri, huingia jikoni penye moto, hulaliwa, hubebewa mtoto, huenda kisimani asubuhi penye umande, hufuliwa kwa sabuni ya mche, huanikwa juu ya ua, na hupigwa pasi ya mkaa. Ikiwa kuna vazi moja ambalo kitambaa chake kinastahili kuchunguzwa kwa makini kabla ya fedha kutoka mkononi, ni hili.

Kitambaa hakikuwa jambo jepesi katika nchi hii tangu zamani. Kabla ya nguo za viwandani kufika, wenyeji walijisitiri kwa ngozi zilizolainishwa na, katika sehemu nyingi za ukanda huu wa magharibi ya Ziwa Victoria, kwa lubugo, yaani gome la mti wa jamii ya mkuyu lililogongwa kwa nyundo za mbao mpaka likalainika na kupanuka. Ni sanaa ambayo kwa jirani zetu wa Buganda ilitukuzwa na UNESCO mwaka 2005. Wasafiri Waingereza Speke na Grant walipofika kwa Rumanyika, mfalme wa Karagwe, mnamo Novemba 1861, wafanyabiashara Waarabu walikuwa wamekwisha kupiga kambi ya biashara Kafuro, si mbali na Bweranyange, wakitafuta pembe za ndovu na kulipa kwa ushanga na kwa nguo. Miongoni mwa nguo hizo ilikuwapo merikani, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, kilichokuja Unguja kwa merikebu za Salem, Massachusetts, hasa baada ya Sultani Seyyid Said kufanya mkataba na Wamarekani mwaka 1833. Kilikuwa kitambaa imara, nacho kilipendwa kutoka mrima hadi maziwa makuu. Lakini kilikuwa cha mtande na mshindio, chembamba, na mtu wa Karagwe aliyekivaa usiku wa Julai bado alihitaji ngozi ya ng'ombe juu yake.

Vazi tunalolizungumzia leo lilitoka Marekani vilevile, ila karne moja baadaye. Mwaka 1926, katika jimbo la Alabama, kijana mmoja mcheza mpira aliyeitwa Benjamin Russell, ambaye baba yake alikuwa na kiwanda cha nguo, alichoshwa na jezi za sufu zilizowawasha wachezaji shingoni, ikashonwa kwa ajili yao fulana nzito ya pamba, pana, yenye mikono mirefu, iliyonywa jasho bila ya kuwasha. Baada ya hapo, katika miaka ya 1930, kampuni ya Champion ya jimbo la New York ikaongeza kofia kwa ajili ya wafanyakazi wa maghala ya baridi. Vazi hili basi lilizaliwa kwa haja mbili ambazo mkulima wa Kanoni anazijua kuliko wachezaji wa Alabama: jasho la kazi, na baridi inayofuata mara tu kazi inapokoma. Anayepalilia kahawa mchana na kuketi barazani jioni hupita hali hizo mbili katika siku moja, na kitambaa kisichoweza kuzitumikia zote mbili hakimfai.

Namna ya kukitambua kitambaa hicho huanza kwa kuigeuza nguo ndani nje. Kanga, kitenge, shuka na suti hufumwa kwa nyuzi mbili zinazopishana, mtande ukisimama na mshindio ukipita. Kwa hiyo havivutiki sana, na upepo hupenya au haupenyi kwa kadiri ya msongamano wa nyuzi. Pulova na fulana ni jamii nyingine: uzi mmoja hupindwa vitanzi, na kila kitanzi hupita ndani ya mwenzake, ndiyo maana nguo ya namna hii huvutika na kurejea, hufuata mwili, na hushika hewa ndani ya vitundu vyake. Hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayotia joto. Hakuna uzi wenye moto ndani yake. Kinachomlinda mtu na baridi ni hewa ambayo nguo imeizuia isiondoke karibu na ngozi, na tofauti ya kitambaa kimoja na kingine iko hasa katika namna ya kuishika hewa hiyo.

Ukiigeuza pulova utakuta moja katika hali tatu. Ya kwanza ni vitanzi vilivyoachwa wazi, vidogo, vilivyopangika safu kwa safu kama vya taulo, ila vifupi zaidi. Nguo hiyo hunywa jasho vizuri, hupumua, na haichoshi mchana. Ya pili ni vitanzi hivyohivyo vilivyokwisha kukwaruzwa kiwandani kwa brashi za waya mpaka vikakatika na kusimama manyoya laini. Hiyo ina joto zaidi, kwa kuwa manyoya hushika hewa nyingi, lakini hukauka polepole, na manyoya yake hulala na kujisokota vijidonge iwapo uzi ni hafifu. Ya tatu ni manyoya pande zote mbili, mepesi sana mkononi, yanayong'aa kidogo na kuteleza. Hiyo aghalabu haina pamba hata chembe. Ni poliesta, uzi uliobuniwa Uingereza mwaka 1941 na Whinfield na Dickson kutokana na kemikali za mafuta, na uliogeuzwa kuwa manyoya ya namna hii mwishoni mwa miaka ya 1970 katika kiwanda cha Malden Mills, mjini Lawrence, katika jimbo lilelile la Massachusetts lililotuletea merikani.

Tabia za nyuzi hizi hazifanani, na ingefaa kila mnunuzi azijue kama anavyozijua tabia za mbegu zake za maharage. Pamba, katika hewa ya kawaida, hubeba unyevu wa kiasi cha gramu 7 hadi 8 katika kila gramu 100 za uzito wake, na mwili hauhisi kuwa umelowa. Sufu ya kondoo hubeba mara mbili ya hapo, na huendelea kutia joto hata ikiwa na unyevu, ndiyo maana sweta la sufu halisi, japo linawasha shingo na hurudi vibaya likitiwa katika maji ya moto, lina thamani kubwa kwa mzee anayeamka na kikohozi. Poliesta haifiki hata nusu gramu. Jasho likitoka chini yake hubaki juu ya ngozi au hukimbilia nje kwa kupenya baina ya nyuzi, na harufu ya mwili hushikamana nayo hata baada ya kufuliwa. Kwa upande mwingine, kwa kuwa hainywi maji, hukauka upesi, hairudi, na haichakai haraka. Rayoni, ambayo siku hizi huuzwa pia kwa jina la mwanzi, hutengenezwa kwa mti uliosagwa na kuyeyushwa kwa dawa. Ni laini na baridi mkononi, hunywa maji sana, ila ikilowa hupungua nguvu na hujivuta kwa uzito wake, na pulova iliyojaa rayoni huanza kuwa gauni baada ya kufuliwa mara chache.

Hapa msomaji atatarajia niseme: basi nunua pamba tupu, jambo liishe. Lau ningekuwa naandika kwa watu wa Dodoma, penye jua kali na hewa kavu, pengine ningesema hivyo. Lakini Kanoni ina mvua za vuli tangu Septemba hadi Desemba, na za masika tangu Machi hadi Mei, na katika majira hayo pulova ya pamba tupu yenye uzito mkubwa ikishafuliwa hukaa juu ya kamba siku mbili na hata tatu, ikianikwa na kuanuliwa kila wingu linapopita, mpaka inashika harufu ya uvundo ambayo sabuni haiiondoi kwa urahisi. Nguo mbichi inayokaa kivulini ina dhara jingine pia, kwa kuwa katika nchi zetu za unyevu yupo nzi anayetaga mayai juu yake, na viluwiluwi vyake huingia katika ngozi ya mvaaji. Pasi ya moto ndiyo dawa. Kwa hiyo uzito wa kitambaa ni jambo la kutazamwa sawasawa na aina ya uzi. Viwanda hupima kwa gramu katika mita moja ya mraba: fulana ya kawaida huwa kati ya 140 na 180, pulova ya wastani kati ya 240 na 300, na zile nzito zinazotoka nchi za theluji hupita 350. Hakuna mizani sokoni, lakini mkono hujifunza upesi. Zile za 350, ambazo huvutia macho kwa unene wake na kumfanya mnunuzi adhani amepata bahati, si za nchi hii; zilishonewa watu wenye mashine za kukaushia nguo ndani ya nyumba. Pulova mbili za wastani, moja mwilini na nyingine kambani, au mojawapo juu ya nyingine usiku ukiwa mkali, humtumikia mtu wa Karagwe kuliko moja nzito, kwa kuwa baina ya mbili huingia hewa, na kila moja hukauka kwa wakati wake.

Mchanganyiko wa pamba 80 na poliesta 20 katika kila mia, wenye vitanzi au manyoya mafupi kwa ndani, ndio ninaouona kuwa wa kati na wa insafu: pamba ikinywa jasho, poliesta ikizuia nguo isirudi na kuisaidia kukauka. Nusu kwa nusu huvumilika katika suruali ya traki ya kuvaa nje, kwa kazi za haraka. Poliesta ikipita nusu, nguo hiyo iwe ya safari, si ya jikoni wala ya kitandani. Na sababu yake ndiyo inayonifanya niandike makala haya.

Katika kata hii, kama katika vijiji vyetu vingi, chakula hupikwa kwa kuni juu ya mafiga. Jioni ikiwa baridi, jiko huwa ndilo baraza la watoto: huketi kwenye vigoda na magogo kuzunguka moto, ndizi zikichemka, mdogo kabisa akiwa mbele ya wote kwa kuwa yeye ndiye anayehisi baridi zaidi. Mtazame mtoto huyo alivyovaa. Aghalabu amevaa sweta la manyoya la poliesta, alilonunuliwa kubwa ili limtoshe na mwakani, mikono yake ikining'inia kupita vidole, kamba za kofia zikibembea kifuani. Cheche ikiruka juu ya poliesta, nguo hujikunja na kutoa tundu lenye ukingo mgumu mweusi, na pengine jambo huishia hapo. Lakini mkono huo mrefu ukiingia katika ndimi za moto, poliesta huyeyuka, na ujiuji wake wa moto hudondoka na kuganda juu ya ngozi, ukiendelea kuunguza hata baada ya mwali kuzimwa. Jeraha la namna hiyo ni zito kuliko la maji ya moto, kwa kuwa haliachi.

Wala sitaki msomaji adhani kwamba pamba ni ngao. Pamba hushika moto kwa urahisi, tena ikiwa na manyoya marefu mwali hukimbia juu ya uso wake kwa kasi; fadhila yake ni kwamba haiyeyuki na huishia jivu. Na uzi uliochanganywa sana una hatari yake ya pekee, kwa kuwa pamba hushikilia poliesta iliyoyeyuka isidondoke, ikawaka kama utambi ndani ya mafuta. Sufu peke yake ndiyo yenye tabia njema: hukataa kuwaka, na ikiwaka, mara nyingi hujizima moto unapoondolewa. Mataifa mengine yamejifunza haya kwa machozi. Nchini Marekani, katika miaka ya baada ya vita, masweta ya rayoni yenye manyoya yaliyochanwa yaliwaka ghafla miilini mwa watu kwa cheche ndogo, na mwaka 1953 Bunge lao likapitisha sheria ya vitambaa vinavyoshika moto. Uingereza nayo, mwaka 1964, ikaweka kanuni kwa ajili ya magauni ya kulalia ya watoto, yaliyokuwa yakiwaka mbele ya meko za majumbani. Hali zilizowafikisha huko, yaani moto ulio wazi, baridi, na mtoto aliyevaa nguo pana yenye manyoya, ndizo hali za jikoni Kanoni kila jioni.

Kwa hiyo, kwa mtoto wa jikoni, kitambaa kiwe cha pamba nyingi, chenye uso uliobana na vitanzi vifupi kuliko manyoya. Kipimo kiwe chake cha mwaka huu, si cha mwakani. Mikono iwe na pindo zinazobana kwenye kifundo cha mkono. Na kamba za kofia zitolewe siku ileile nguo inapofika nyumbani, kwa kuwa kazi yake ni ndogo na hatari yake ni kubwa. Sweta la manyoya la poliesta litunzwe kwa njiani asubuhi. Mwendesha bodaboda atendaye safari za Kayanga na Omurushaka naye asilitegemee hilo peke yake, kwa sababu manyoya hushika hewa iliyotulia, na upepo wa pikipiki huifagia yote. Juu yake pavaliwe koti lisilopitisha upepo, na hapo manyoya yatafanya kazi yake barabara.

Moto wa pili wa nyumbani ni pasi. Pasi ya mkaa haina kipimo cha joto ila mkono wa mpigaji na tone la maji linalochemka juu ya bati lake, na mkaa uliokolea huweza kuipeleka mahali ambapo poliesta huanza kulainika, kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi 250 hivi. Pamba hustahimili pasi hiyo, madhali haikuachwa mahali pamoja. Aliyenunua poliesta na anayo pasi ya mkaa hana budi kupiga pasi nguo ikiwa ndani nje, juu yake pakiwa na kipande cha kanga kilicholowanishwa kidogo. Na mtu asiyetaka taklifu hiyo kila wiki ameonyeshwa tena sababu ya kuchagua pamba.

Sasa twende sokoni, maana elimu hii haina kazi nje ya soko. Wingi wa pulova na masweta ya Karagwe ni mitumba. Muuzaji hutandika turubai, akalikata belo kamba zake, na nguo zilizoshindiliwa kwa mashine huko Ulaya au Marekani hufura na kumwagika. Wanawake waliokuja mapema hujitia mikono miwili katikati ya rundo, na wale mahodari hawatazami rangi kwanza, huvuta kwa kupapasa. Mkono wa namna hiyo ndio ninaotaka kila mnunuzi awe nao. Tafuta lebo ubavuni upande wa kushoto, ndani. Kama ilitoka Ujerumani neno Baumwolle ni pamba, na algodón ni pamba kwa Kihispania, na hesabu ya mia imeandikwa mbele yake kwa tarakimu ambazo hazihitaji mkalimani. Lebo ikiwa imekatwa, tia tone la maji au mate juu ya kitambaa kwa ndani: pamba huyanywa, poliesta huyaacha yasimame. Vuta pindo la mkono kwa nguvu, uliachie; lisiporejea leo halitarejea kesho, na baridi itapitia hapo. Sugua manyoya kwa kidole gumba mara kadhaa. Yakijisokota mbele yako, utayafua mpaka yaishe. Inua nguo kwenye jua, na pale viwikoni patakapopitisha mwanga kama chujio, pana wiki chache tu. Katika rangi nyeusi na nyekundu, paka mate kwenye kitambaa cheupe usugue upande wa ndani, ujue kama inachuja.

Na kwa shaka inayobakia upo ushahidi wa moto, ambao muuzaji mwema hawezi kuukataa. Omba unyofoe uzi mmoja kutoka upindo wa ndani, uushike kwa kibano mbali na nguo na mbali na mtoto, uwashe kiberiti. Pamba huwaka kwa mwali wa njano, hunuka karatasi iliyoungua, na kuacha jivu laini la kijivu. Sufu hunuka nywele, na hujizima. Poliesta hukimbia mwali, hujikunja, hutoa moshi mweusi, na kuacha kijidonge kigumu kisichovunjika kwa vidole. Angalia tu kwamba uzi wa kushonea si uzi wa kitambaa. Nguo ya pamba tupu aghalabu hushonwa kwa uzi wa poliesta, na wengi wamehukumu vibaya kwa kuwasha uzi usiohusika.

Kuhusu mitumba yenyewe, mjadala ni mrefu. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa hatua kwa hatua hadi 2019. Rwanda, ng'ambo ya Mto Kagera, ilipandisha ushuru wake mwaka huohuo kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia unafuu wa ushuru wa nguo chini ya mpango wake wa biashara wa AGOA. Tanzania, Kenya na Uganda zikaliacha shauri hilo. Sina nia ya kuufufua hapa. Ila linaniuma jambo hili: pamba yetu ya Simiyu, Shinyanga na Mwanza, ambayo malori yake hayako mbali sana na sisi, huchambuliwa, na sehemu kubwa ya pamba nyuzi hupakiwa kwenda nje, kisha tunairudishia nyumbani katika belo, ikiwa imevaliwa na mtu mwingine kwanza. Viwanda vya Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Mwatex cha Mwanza, vilitutengenezea kanga, vitenge na mashuka ya mtande na mshindio. Kitambaa cha vitanzi cha kuvalia katika nchi za baridi hakijapata nafasi yake katika fikira za viwanda vyetu, ambavyo huhesabu Tanzania nzima kuwa pwani.

Mafundi cherehani wa Kanoni na Kayanga wana mikono ya kuifanya kazi hii, ila wanahitaji vitu viwili. Cherehani ya kawaida yenye mshono wa mstari mmoja hukata uzi nguo ya vitanzi inapovutika. Inataka mshono wa zigizaga, au mashine ya ovaloki, na sindano yenye ncha ya mviringo inayosukuma vitanzi pembeni badala ya kuvitoboa, maana kitanzi kimoja kikikatika mchirizi hushuka mpaka chini. Sindano hizo si ghali. La pili ni jora lenyewe: vitambaa vya namna hii huuzwa aghalabu kwa kilo, katika maduka ya Kariakoo na ya Kampala, na mfanyabiashara mmoja wa Kagera akileta magunia machache ya kitambaa cha pamba 80, cha uzito wa wastani, kabla ya fedha za kahawa kuanza kulipwa katikati ya mwaka, mafundi watapata kazi ya kiangazi chote, na watoto watashonewa kwa vipimo vyao.

Nawaomba wenye maduka ya Kayanga na Omurushaka walifikirie jambo hilo kabla ya Juni ijayo. Nanyi wazazi wa Kanoni, usiku wa leo, kabla watoto hawajasogea jikoni, chukueni mkasi mtoe kamba za kofia, na mikono inayopita vidole ipindwe na kushonwa.